Barua kwa mwanangu: hayo maboksi ya vitabu usiyatume

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeupata, ule wa sauti na ule ulioandika baadae usiku wa huko, na nimeusikiliza zaidi ya mara moja maana swali lako ni zuri na sikutaka kukujibu juu juu. Unasema wenzako wa kazini hapo Minneapolis watoto wao wamekua, wamekusanya vitabu walivyokuwa wanasoma wakiwa wadogo, maboksi 11 yako kwenye gereji yako saivi, na mnafikiria kuyaweka kwenye kontena la kago yaje huku Muheza kwa mamkubwa wako ili awagawie watoto wa kambi za mkonge. Halafu ukauliza, au ni bora tutume hela? Na ukasema mama usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambie ukweli.

Ukweli ni kwamba usiyatume. Tuma hela. Najua itakuuma maana umehangaika kuyakusanya, na hao wenzako wametoa kwa moyo, sitaki hata mmoja wao ajisikie vibaya, ndo maana nakuandikia kirefu ili ukikaa nao uwe na la kuwaambia.

Nianze na kazi yenyewe ilivyo maana wewe mara ya mwisho kuja mamkubwa alikuwa bado anafundisha. Sasa amestaafu, na unajua miaka yake yote kafundisha darasa la kwanza na la pili, walimu wengine walikuwa wanalikimbia darasa la kwanza yeye ndo alikuwa analililia. Ana masanduku mawili ya bati, yale ya bweni kama lile tulilokununulia ulipoenda fomu wani, ndani mna vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vyembamba, vyenye picha, kila kimoja amekivalisha nailoni ngumu na mgongo ameushona upya kwa uzi wa fundi viatu maana pini za kiwandani hazivumilii, kitabu kikisomwa na watoto 30 pini inachomoka kurasa zinaanza kupeperuka. Jumamosi anakodi bajaji mpaka kambini. Mvua zikiwa zinanyesha ile barabara ya shamba udongo wake mwekundu unateleza bajaji haipiti, basi anachukua bodaboda mbili, moja ya kumbeba yeye na nyingine ya sanduku limefungwa kwa mpira. Anatandika mikeka chini ya mwembe, watoto wananawa kwanza kwenye ndoo kwa sabuni, hilo halina mjadala kwake, ndipo anafungua sanduku.

Hao watoto baba zao na mama zao wanakata mkonge au wako korona, kwenye mashine ya kuchambua mkonge, wengine wanaanika singa, zile nyuzi zake. Wewe ulikulia mjini kidogo hukuwafahamu sana. Wengi asili yao sio Tanga kabisa, babu zao walikuja enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani, Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wakakaa makambini wakazaa na kuzaliana, na lugha iliyowaunganisha kambini ni Kiswahili, ndo lugha waliyonyonya nayo. Zingatia hilo maana nitalirudia.

Siku moja niliongozana nae nikakaa na kabinti kamoja ka darasa la pili. Kameshika kitabu, picha ni mbuzi anatafuna nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Kidole kinakwenda chini ya maneno, m-bu-zi, a-me-ku-la, sha-ti, kakifika mwisho wa mstari kanarudi mwanzo kanaunganisha haraka haraka, mbuzi amekula shati, kakanyamaza, kakaangalia picha, kakacheka peke yake. Yaani kicheko kilichelewa, kilikuja baada ya maneno kuungana kichwani. Halafu kakaanza kunisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyotafuna khanga ya mama yake wakagombana mpaka balozi akaitwa. Mamkubwa wako alikuwa upande wa pili wa mkeka lakini aliona, akaniambia baadae, umeona pale alipocheka, pale ndo kusoma kwenyewe, kabla ya hapo alikuwa anataja silabi tu.

Sasa mwanangu toa hicho kitabu mkononi mwake, mpe kimoja cha kwenye boksi lako, mtoto amevaa glavu anajenga mtu wa theluji, maneno ni ya Kiingereza. Ataangalia picha ndio, picha nzuri, rangi nzuri, karatasi inang'aa, ataifurahia siku ya kwanza. Maneno hatayagusa. Hata akiweza kuyatamka kwa kukisia hatajua yanasema nini, hakuna kinachoungana kichwani, na hawezi kucheka. Na mtoto anayejifunza kusoma akishika vitabu visivyofunguka mara tatu mara nne anaamua mwenyewe kuwa vitabu sio vyake. Hilo ndo linanitisha kuliko kukosa vitabu.

Utaniambia mama lakini watasoma sekondari kwa Kiingereza, si bora wazoee mapema. Hata hapa mtaani wazazi wanasema hivyo hivyo. Nakuelewa. Lakini shule zao za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo, na huyu mtoto hajasimama bado kwenye kusoma kwenyewe. Kusoma unajifunza mara moja. Ukishajua kwamba alama zile zina sauti na sauti zina maana, unahamisha ujuzi huo kwenda lugha nyingine yoyote, wewe mwenyewe ulisoma kwanza Kiswahili kwa mamkubwa wako huyo huyo na leo unaandika ripoti za hospitali huko kwa Kiingereza. Anayeanza na lugha asiyoijua anabeba mizigo miwili kwa pamoja, na wengi wanaitua yote.

Na usidhani hili ni la kambini kwetu tu. Wale wa Uwezo ambao kuanzia 2010 walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima watoto, walikuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, hadithi ya Kiswahili hiyo. Nchi ikashtuka kweli, na 2015 ukaja mtaala wa KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, darasa la kwanza na la pili wakapunguziwa masomo wakazanie hayo matatu. Vizuri. Mwaka uliofuata 2016 michango ikaondolewa, elimu bila malipo, watoto wakamiminika, darasa la kwanza mwaka huo nchi nzima walipita milioni mbili. Hilo nalo ni jema, wapo watoto wa kambini wasingekanyaga shule kabisa bila hilo. Ila madarasa yalijaa, mamkubwa alikuwa na watoto wamebanana mpaka kwenye sakafu karibu na ubao.

Vitabu sasa. Shuleni kuna vitabu vya kiada na vitabu vya ziada. Vya kiada serikali inaleta, vinaandikwa na Taasisi ya Elimu, elimu bila malipo ilipoanza 2016, katika ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 yake ilitengwa kwa ajili ya hivyo. Vya ziada ndo hadithi, vile ambavyo mtoto anasoma kwa sababu anataka kujua mbuzi alifanywa nini, na hivyo mwalimu mkuu akikosa hela ndo vya kwanza kukosekana. Nyumbani ndo kabisa, nyumba nyingi za kambini utakuta Msahafu au Biblia, daftari la mtoto na labda kalenda ya ukutani, basi. Maktaba ya mkoa ipo, iko Tanga mjini, nzuri tu, lakini mtoto wa kambini atafikaje na nauli nani atampa.

Kwahiyo pengo ni vitabu vya hadithi, vya Kiswahili, vyepesi, vingi, na vya karibu na mtoto. Boksi lako halizibi pengo hilo.

Halafu kuna bibi yako. Sijui kama nilishakusimulia hili. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata ngumbaru zikafunguliwa kila kijiji, jioni wakitoka shamba wazazi wetu wanakaa kwenye madawati yetu. Mama yangu alienda. Nilikuwa mdogo, namkumbuka anarudi na taa ya chemli ananyosha karatasi magotini anaandika jina lake, anafuta, anaandika tena. Alijua kusoma kabisa, akafaulu na mtihani wa kisomo. Nchi nzima ilifanya kazi kubwa sana, kufika 1986 hesabu za serikali zilionyesha watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Lakini kijijini kwetu baada ya vile vijitabu vya kisomo, vya ukulima wa pamba na usafi wa choo, hakukuwa na cha kusoma. Kule Mwanza kanda ya ziwa walipata gazeti lao la vijijini, Elimu Haina Mwisho, huku kwetu mimi sikuliona. Miaka ikaenda. Ulipozaliwa wewe mama yangu alikuwa ananipa barua za mjomba wako nimsomee. Ujuzi ule ulimpotea kwa sababu haukulishwa. Aliona aibu mpaka anafariki na mimi bado linaniuma, kwa sababu hakuwa mzembe, alikuwa na akili nyingi kuliko sisi wote. Mamkubwa wako analijua hilo, alikuwa anakuja kwetu, na amewahi kuniambia kwamba kila anapofungua sanduku anamuwaza mama.

Sasa nirudi kwenye maboksi, kwa upande wa gharama. Kutoka huko mpaka bandari ya Dar unalipia, likifika kuna wakala wa forodha, kuna karatasi za kuombea msamaha wa kodi kwa kuwa ni msaada na karatasi zinachukua muda wake, muda ukizidi kuna storeji inahesabiwa kwa siku, halafu lori mpaka Muheza. Piga hesabu hiyo yote na wenzako, igawanye kwa idadi ya vitabu, utaona kila kitabu cha bure kimekuwa ghali kuliko kipya cha Kiswahili kinachouzwa hapa hapa Dar. Kitabu cha hadithi cha mtoto hapa bei yake haifiki nauli ya basi ya Tanga kwenda Dar. Kipya, na kimeandikwa na mtu anayejua mbuzi wanatafuna nguo.

Kuna kikundi kimoja huku, sitakitaja, waliletewa shehena ya namna hiyo na watu wenye nia njema. Mamkubwa aliitwa kusaidia kuchambua. Anasema walikuta vitabu vya kompyuta za zamani ambazo hazipo tena, vitabu vya sheria za kodi za huko, vitabu vya watoto vya kujaza na kupaka rangi ambavyo vilishajazwa na kupakwa, ensaiklopidia kubwa nzito ambayo ndani yake Urusi bado ni Sovieti. Vizuri vilikuwepo, vichache, vya sayansi ya sekondari, hivyo vilipata shule. Vingine vilikaa stoo mpaka mchwa wakavimaliza, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuvitupa wala kuwaambia wafadhili ukweli, kwahiyo mwaka uliofuata wakaletewa vingine. Simlaumu mtu. Walioleta hawakuambiwa. Ndo maana mimi nakuambia.

Nisiwe dhalimu lakini, wapo wanaofanya kazi hii vizuri. Pale London kuna Book Aid International, ilianzishwa na mama mmoja Lady Ranfurly mwaka 1954, walianza na vitabu vilivyotumika ila siku hizi wanatuma vipya kutoka kwa wachapishaji, na maktaba zinazopokea zinaulizwa zinahitaji nini. Na hapo hapo ulipo, Minnesota, kuna Books for Africa, wapo tangu 1988, wametuma mamilioni ya vitabu Afrika, na kwa vyuo na sekondari na maktaba kubwa vinasaidia kweli kwa sababu huko Kiingereza ndo lugha ya darasani na kitabu kimoja cha udaktari hapa ni mshahara wa mtu. Wana maghala, wana watu wa kuchambua, wanajua njia za bandarini. Nyinyi mkiwa na maboksi 11 hamwezi kufanya wanayofanya wao. Kwahiyo yale maboksi wapigieni hao kwanza, waulizeni wanapokea vya aina gani na vya miaka gani maana wana masharti yao, visivyofaa wapeni maktaba ya mtaa wenu au hizo familia za wageni wapya zinazofika huko kila siku, watoto wao wanajifunza Kiingereza, kwao kitabu cha theluji ndo chenyewe maana theluji wanaiona dirishani.

Kuna sababu nyingine ambayo mamkubwa anaisemaga kwa ukali kidogo. Kila kitabu cha Kiswahili tunachonunua kuna mwandishi hapa amelipwa, kuna mchoraji, kuna fundi wa mashine ya kuchapa. Vitabu vya bure vikijaa, mchapishaji wa hapa atauza wapi? Ataacha kuchapa vya watoto atabaki na vya mitihani, na ndivyo ilivyokuwa kabla, miaka ya themanini mwishoni hadithi za watoto za Kiswahili zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto pale Dar kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na walichofanya hawakuleta makontena, walifundisha waandishi na wachoraji wa hapa, kitabu kikipita kwenye mchujo wao wananunua maelfu ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzipeleka shuleni, nakala zinazobaki mchapishaji anauza mwenyewe. Msaada ulitoka nje lakini kitabu kilizaliwa hapa. Baadhi ya vitabu vya kwanza kabisa kwenye sanduku la mamkubwa ni vya mradi ule, vimechakaa, vimeshonwa weee, lakini watoto wanavigombania mpaka leo.

Uliuliza pia kama si rahisi kuwawekea kwenye simu. Zipo hadithi nzuri za bure kwenye intaneti, wale wa African Storybook wa Afrika Kusini wanazo nyingi za Kiswahili na zimeruhusiwa kabisa mtu achape, na mamkubwa anazitumia, kijana wa steshenari anamchapia anazikunja anazishona. Kwa simu yenyewe hapana, simu kambini ni ya baba na baba anaondoka nayo, bando linakwisha, na watoto sita hawawezi kulala kifudifudi kuzunguka kioo kimoja. Kitabu watano wanakisoma kwa pamoja na wa sita anasoma kichwa chini miguu juu upande wa pili.

Sasa hela itafanya nini, maana ndo mtauliza huko kazini.

Kubwa kuliko yote ni mtu. Vitabu bila mtu wa kukaa nao havisomwi. Ipo shule moja jirani ililetewa vitabu vya hadithi vizuri sana, vya Kiswahili kabisa, vikafungiwa kwenye kabati la ofisi. Mwalimu ana hofu yake, vikipotea anaulizwa yeye, vikichanika anaulizwa yeye, kwahiyo anaona salama ni kufuli, na mkaguzi akija anakuta vyote vipo, visafi, havijawahi kushikwa. Mamkubwa alienda mara nyingi tu akaongea na mwalimu kwa heshima, wakakubaliana kitabu kikichanika kwa kusomwa kinaandikwa kwenye daftari kuwa kimechakaa kwa matumizi na hakuna anayedaiwa. Kabati likafunguliwa. Ila sasa nani akae na watoto? Ana mabinti wawili waliomaliza fomu foo wako nyumbani, amewafundisha namna ya kusoma kwa sauti, namna ya kusimama katikati ya hadithi na kuuliza unadhani nini kitatokea, namna ya kumsubiri mtoto anayesuasua bila kumtajia neno. Kumsubiri ndo kazi ngumu, watu wazima hatuwezi, tunamalizia. Hao mabinti wanahitaji nauli na posho kidogo ili wasikimbilie Dar kufanya kazi za ndani. Hela yenu ya kwanza iende hapo.

Ya pili inunue vitabu vipya vya kuazimisha. Atavichagua mwenyewe, usimpangie, yeye anajua mtoto wa silabi anataka nini na anayesoma vizuri anataka nini. Kuna vijana wa kiume wa darasa la tano la sita wameanza kuona aibu kusoma vya picha, anahitaji vya kwao, vya upelelezi, vya mpira, vya wanyama wakali.

Na ya tatu ndo ndoto yake, na nikikuambia usimwambie nimekuambia. Unakumbuka ulinieleza huko kwenu wajukuu zangu wanaletewa kitabu kwa posta kila mwezi, ule mpango wa yule mwimbaji Dolly Parton, alianza 1995 kijijini kwao Tennessee, mtoto tangu anazaliwa mpaka anatimiza miaka mitano anapata kitabu chenye jina lake kwenye bahasha, na baba yake mwimbaji alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Nilimsimulia mamkubwa akakaa kimya muda, akasema kikiwa cha kwake. Akarudia, kikiwa cha kwake mwenyewe. Maana vitabu vyake yeye ni vya kuazima vinarudi. Anachotaka ni kila mtoto wa kambi anayemaliza darasa la pili apewe kitabu kimoja, kipya, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino ukurasa wa kwanza, aende nacho nyumbani kisirudi. Nyumba ile itakuwa na kitabu. Mdogo wake atakikuta. Kitabu kimoja kwa mtoto sio hela nyingi, mtu mmoja hapo ofisini kwenu kwa kahawa zake za mwezi anaweza kubeba watoto kadhaa.

Wale wafuga ngamia wa Garissa huko Kenya uliowahi kunitumia video yao, maktaba ya taifa ya Kenya inawapelekea vitabu kwa ngamia tangu 1996, nilimwonyesha mamkubwa akafurahi sana, halafu akaniuliza, yule anayeshika daftari la kuazimisha analipwa na nani? Nikaona kweli, watu wote tunaangalia ngamia yeye anaangalia mwenye daftari.

Jambo moja tafadhali liwafikie wenzako kwa upole. Ulisema wangependa picha za watoto wameshika vitabu, waziweke kwenye ukurasa wao. Mamkubwa hapendi na mimi niko upande wake. Wale watoto wana wazazi, wana majina, siku moja watakuwa watu wazima na hawatapenda kujikuta wako peku kwenye picha ya kuombea hela. Atawatumia picha za vitabu vilivyonunuliwa, za daftari la kuazima (majina yamefunikwa), risiti zote, na barua ambazo watoto wenyewe watataka kuandika kwa mkono wao. Kama wenzako ni watu waelewa, na nadhani ni waelewa maana wamekupa vitabu vya watoto wao, watakubali.

Kwa kutuma, usitume kwangu wala kwa mamkubwa binafsi. Kile kikundi cha akina mama wanachosaidiana nae wana akaunti ya benki yenye saini tatu, nitakutumia namba kwa wasap nikishaongea na mweka hazina, na kila mwisho wa muhula atakutumia mahesabu, kilichonunuliwa na kilichobaki. Msikusanye kubwa mara moja halafu mkapotea. Kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima kinamfaa zaidi, maana wale mabinti ukiwaambia kazi ipo miezi mitatu tu hawatakaa.

Jitahidi mnijibu kabla shule hazijafungwa Juni, yeye huwa anashuka Dar likizo hiyo kununua, na akijua kiasi mapema anaongea na wachapishaji wanampunguzia bei kwa kuchukua vingi.

Baba yako mzima, goti bado linamsumbua ila anatembea. Wabusu wajukuu wangu, na ile hadithi ya sungura na fisi waliyoniomba nitairekodi Jumapili nikitulia.

Mama